Siri ya Kebini

Somo: Walawi 19:16, Ezekieli 33:1-9, Kutoka 21:28-29

Wiki hii nimeombwa niandike kuhusu huduma ya barabarani, ile ya madereva wa masafa marefu, na ningeweza kujaza ukurasa huu na shuhuda. Shuhuda ziko. Lakini dada mmoja aliniuliza swali baada ya ibada ya katikati ya wiki, nikaona heri nijibu hilo, kwa maana haliishi kwa "Amina" moja. Aliuliza hivi: dereva akikufungulia moyo, akakuambia jambo ambalo kesho linaweza kuua watu, wewe kama chapleni unanyamaza au unasema?

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyo. Kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na wengi hawaishii hapo. Wanaendelea Kampala, Kigali, Juba, wengine mpaka Kongo. Lori la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56, uzito wa gari lenyewe ukiwemo. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Hiyo ni sheria. Dereva anayelipwa kwa trip ana hesabu yake, na tajiri anayepiga simu kila mara kuuliza "umefika wapi" ana yake pia.

Watu huniuliza, mbona wasije kanisani kama wengine? Hawezi, mpendwa. Akiacha lori lenye sili ya forodha kando ya barabara pale Mariakani aje kuimba na sisi saa mbili, atarudi apate turubai limekatwa na nusu ya dizeli imenyonywa. Jumapili yake ni popote gari ilipozimwa. Huko Amerika Kaskazini kuna huduma iliyojulikana kama Transport for Christ, ilianza Kanada mwaka 1951, na wao huchukua trela kuukuu wakaligeuza kanisa dogo, likakaa pale pale malori yanapolala. Sisi hatuna trela. Tuna chupa mbili za chai, viti vichache vya plastiki na miguu.

Basi jioni unapita katikati ya malori, unagonga mlango wa kebini, unasema jina lako na kanisa lako, unauliza kama dere angependa chai. Wengine ni Waislamu, na hao pia hunywa chai yetu. Hatumwombei mtu ambaye hajaomba kuombewa. Mnyarwanda ana Kiswahili chake, Mganda chake, Mkongo naye chake kitamu, na tunaelewana. Mwaka 2020, wakati wa korona, hawa watu walikaa siku nyingi kwenye foleni ya Malaba wakingoja majibu ya kupimwa, na kuna mahali walikimbiwa kama wenye ukoma. Bado wanakumbuka ni nani aliyewauzia chakula na ni nani aliyefunga dirisha. Mtu kama huyo ukimpa kikombe na dakika ishirini bila haraka, atasema. Anasema kwa sababu hakujui, na anajua asubuhi atawasha gari aende.

Na wanasema nini? Mambo mengi ni ya nyuma. Mtoto aliyezaliwa Busia ambaye nyumbani Taita hawamjui. Pesa za chama zilizoliwa. Mzee mmoja aliniambia juu ya mwendesha baiskeli aliyemgonga miaka mingi iliyopita, kesi ikaisha, lakini kila akipita mahali pale anazima redio. Haya nayapokea, tunaomba, yanabaki pale. Hata mke wangu hayajui. Sijawahi kupata shida na siri za namna hiyo, na nafikiri hakuna msomaji wa gazeti hili atakayenilaumu kwa kuzitunza.

Shida ni siri ya aina nyingine. Wacha nitoe mfano, na nimebadilisha mambo ya kutosha asitambulike mtu. Dereva anatoka Uganda, gari imepakia. Ananiambia kwamba kuanzia juu kule Mau Summit hadi Salgaa yeye huteremka na nyutro. Anaweka gia huru, anaacha mlima umpeleke. Kwa nini? Kwa sababu amepewa mafuta ya kupimwa, na kile anachookoa anakiuza kwa jerikeni kando ya barabara, na hicho ndicho karo. Halafu anaongeza, kwa sauti ya chini, "Na breki nazo, Pasta, za nyuma ni kama hazipo. Nilimwambia mzee. Akasema nimalize trip hii kwanza."

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye lori, nieleze kidogo. Gari nzito ikiteremka ikiwa ndani ya gia, injini yenyewe inaishika. Ukiitoa gia, kazi yote inaangukia breki. Breki ikikanyagwa mfululizo inapata moto, na ikishapata moto sana haishiki tena hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Ukitaka kurudisha gia wakati huo, mwendo umeshakuwa mkali, gia inakataa kuingia. (Mafundi wameniambia kwamba kwa injini za siku hizi hata hayo mafuta hayaokolewi: ukiteremka ndani ya gia, injini inajikatia dizeli yenyewe, lakini ukiwa na nyutro inaendelea kunywa ili isizime. Nimewaambia madereva wengi hivyo. Wachache wameniamini.)

Na barabara ile tunaijua. Januari 31, 2009, tangi la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Desemba 31, 2017, watu wakisafiri kwa ajili ya mwaka mpya, basi na lori ziligongana Migaa, wakafa zaidi ya 30. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, trela liliacha barabara likawaingia watu waliokuwa wakiuza na kununua na kungoja magari, wakafa zaidi ya 50. Sisemi kwamba ajali hizi zilitokana na nyutro, kila moja ina habari yake. Nasema tu kwamba dereva akiniambia maneno yale, mimi siwezi kujifanya sijui kinachoweza kumsubiri chini ya mlima.

Sasa nifanye nini? Fungua Walawi 19:16. Mimi nilisoma mstari huo miaka mingi kabla ya kuona kwamba una vitu viwili ndani yake. Sehemu ya kwanza inakataza kuzunguka ukichongea watu. Sehemu ya pili inakataza kusimama tu wakati damu ya jirani iko hatarini. Mstari mmoja! Yule aliyetuamuru tufunge mdomo ndiye aliyetuamuru tusinyamaze, na hakupumua katikati. Kwa hiyo mtu akikuambia Biblia iko wazi, mtunzi wa siri ni mwaminifu, basta, amesoma nusu. Na yule anayekimbilia Ezekieli 33, mlinzi asiyepiga tarumbeta atadaiwa damu, naye asome hiyo nusu nyingine kabla hajachukua simu.

Wenzetu Wakatoliki wana sheria yao. Padri akisikia jambo katika maungamo hawezi kulitoa kabisa, na mlei hulijua hilo kabla hajapiga magoti. Sisi Wapentekoste hatuna kitubio cha namna hiyo. Tunasema mtu atubu mbele za Mungu moja kwa moja, na Yakobo anatuambia tuungamiane sisi kwa sisi. Kwa hiyo siri ninayotunza haitoki kwenye kanuni ya kanisa. Inatoka wapi? Kwa maoni yangu inatoka kwa yule dereva. Alisema kwa sababu nilikaa pale kama mtu asiyesema. Kimya changu kilikuwa ahadi hata kama sikuitamka, na ahadi ya kimya nayo ni ahadi.

Mhudumu mwenzangu mmoja, mzee kunishinda kwa umri na kwa miaka ya barabarani, anaamini chapleni asitoe neno hata moja, kamwe. Sababu yake si nyepesi. Anasema: habari za barabara hii zinatembea kwa simu, zinafika Malaba kabla lori halijafika Voi. Siku moja tu ukimripoti dereva, kebini zote zitafungwa. Halafu yule wa kesho aliye na breki mbovu hatamwambia mtu yeyote, na hutakuwa umepunguza hatari, utakuwa umejiziba masikio. Umemwokoa mmoja ukapoteza mia uliokuwa unaweza kuwaonya.

Nimeyapima maneno yake mara nyingi nikiendesha kurudi nyumbani. Ana haki katika jambo kubwa: onyo hufika mahali palipo na imani tu. Lakini kuna mtu ambaye hesabu yake haimweki. Ni abiria wa matatu. Yule mama wa kiti cha nyuma aliyetoka Eldoret na kuku wake wawili hakuwa kwenye kebini wakati siri inatolewa. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali iwe siri. Sisi wawili, mimi na dereva, tumekunywa chai tukakubaliana kuweka maisha yake rehani, na yeye hajui. Hilo ndilo linalonikwaza. Naweza kutunza siri ya mtu kwa gharama yangu mwenyewe, hata gharama kubwa. Nitaitunzaje kwa gharama ya mtu ambaye hayuko?

Ndiyo maana nimefika mahali pa kutofautisha kilicho nyuma ya trela na kilicho mbele ya kebini. Kilicho nyuma kimeshatokea. Dereva anakileta kwa toba, na kazi yangu ni kumsaidia kukiweka mikononi mwa Bwana na, panapowezekana, kurekebisha. Kilicho mbele hakijatokea, na kinaweza kuzuiwa. Hicho mimi sikiiti siri. Ni onyo ambalo limekuja likiwa limevaa nguo za siri. Na pengine, ukimsikiliza vizuri, dereva mwenyewe alilileta kama onyo. Mtu aliyeamua kweli kuficha breki mbovu haendi kumwambia mchungaji.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wapendwa hawatalifurahia. Sisi tuna mazoea ya kumaliza kila kitu kwa maombi. Dereva amesema breki hazipo, tunaweka mikono juu ya kebini, tunakemea roho ya ajali, tunafunika gari kwa damu ya Yesu, haleluya, nenda salama. Mimi naamini Mungu anafanya miujiza, na wengi wetu tusingekuwa hapa bila hiyo. Lakini katika Mathayo 4 shetani alimpeleka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, kwa kuwa malaika wapo. Bwana alikataa, na malaika walikuwepo kweli. Kuteremka Sachangwan na nyutro baada ya maombi ni kujitupa kutoka kwenye kinara, na tofauti yake ni kwamba wewe unaruka na tani 56 na watu wengine wako chini.

Basi tunafanyaje kwa vitendo? Siku hizi nasema mapema. Kabla chai haijapoa, mara tu mazungumzo yanapoanza kuwa mazito, ninamwambia: "Dere, ukiniambia yaliyopita, yanakufa hapa. Ukiniambia kitu cha kuumiza mtu leo au kesho, nitakuomba tukishughulikie pamoja, na ukikataa sitanyamaza." Wengine husikia hivyo wakarudi kwenye mambo ya hali ya hewa. Sawa. Afadhali anyamaze akijua kuliko aseme akiwa amedanganywa. Lakini mtashangaa ni wangapi wanaoendelea kuzungumza. Kumbe mtu aliyechoka kubeba hatari peke yake anatafuta mwenzake wa kumkatalia.

Na "kushughulikia pamoja" si kupiga simu polisi. Mara nyingi ni kukaa naye. Amelewa, tunachukua funguo anampa utingo, analala, gari haiendi popote kabla ya alfajiri. Amekesha na miraa siku mbili, tunamkalia mpaka asinzie. Breki mbovu, tunampigia tajiri yeye akiwepo, na mimi najitambulisha kwa jina na cheo. Ni ajabu jinsi sauti ya mwenye gari inavyobadilika akijua kuna shahidi.

Mara moja tu nilikwenda mpaka mwisho. Dereva alikataa kila kitu, akawasha, akaondoka na gari ambayo yeye mwenyewe alikuwa amesema haishiki. Nilipiga simu, ikasimamishwa kwenye kizuizi kilichofuata, ikakutwa hivyo hivyo. Alifutwa kazi wiki ile. Mpaka leo sijui kama niliokoa mtu, kwa maana ajali ambayo haikutokea haina mazishi wala takwimu. Ninachojua ni kwamba watoto wanne walikaa nyumbani muhula ule, na kina mama wa kanisa hili walipeleka unga bila kuambiwa ni kwa nini. Ningefanya vile vile tena. Lakini mtu asije akaniambia kwamba ukifanya lililo sawa unatoka na amani moyoni. Wakati mwingine unatoka na unga wa kupeleka.

Na tajiri yule? Hakuulizwa kitu. Alipata dereva mwingine siku ya tatu.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana wenye malori wako kati yetu. Wanakaa viti vya mbele, na zaka zao zimejenga sehemu ya ukuta tunaouegemea, na tunawashukuru. Fungua Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, kwa kawaida mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea, na mwenyewe alionywa, na hakumfungia, basi damu iko juu ya mwenyewe. Angalia lile neno la kuonywa. Kabla ya kuonywa ni mkosi, baada ya kuonywa ni hatia. Dereva aliyesema "Nilimwambia mzee" amemtoa mzee kwenye upande wa mkosi akamweka upande mwingine. Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari asije mtu akaanguka. Haisemi mgeni aangalie anapokanyaga. Inamwambia mwenye nyumba.

Sisi tunahubiri sana juu ya dereva mwizi wa mafuta, na ni kweli wizi ni wizi. Ila mahubiri hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko mahubiri juu ya Yakobo 5:4, mshahara wa mfanyakazi uliozuiwa unaopiga kelele mpaka unasikika mbinguni. Mtu akilipwa kiasi ambacho hakiwezi kumfikisha bila kuiba, halafu akaiba, walioiba ni wawili. Kwa hiyo ndugu mwenye malori, kama unasoma hapa: dereva wako akikuambia breki, usimwambie amalize trip. Na usimfute kwa kusema. Ukimfuta huyo, yule atakayekuja baada yake hatakuambia kitu, na utakuwa na ng'ombe usiyejua tabia yake.

Limebaki jambo moja ambalo kanuni yangu ya nyuma na mbele hailimalizi, na sitawaficha. Dereva anakuambia amepimwa, ana virusi, na mke wake nyumbani hajui. Hilo liko nyuma au mbele? Ugonjwa uko nyuma. Mke yuko mbele. Atafika nyumbani Ijumaa. Kwa kipimo changu mwenyewe ningepaswa kusema, kwa kuwa huyo mama naye hayuko kwenye kebini. Lakini breki mbovu haina aibu, na ndoa si gari ya kusimamishwa kwenye kizuizi. Nikiitoa habari hiyo mimi, kwa mdomo wangu, nimemwokoa mke na hatari moja nikamwingiza kwenye nyingine ambazo sizioni: kupigwa, kufukuzwa, kuambiwa ni yeye aliyeileta.

Kinachosaidia ni dawa. Mtu akimeza ARV kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Huo ni ukweli wa kitabibu, si faraja ya mchungaji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutembea naye hadi kliniki, na ziko karibu na maegesho, zinazofunguliwa saa ambazo dereva anaweza kufika. Kumlinda mke kunaweza kuanza kabla ulimi wa mume haujafunguka. Lakini kumlinda si sawa na kumwambia, na mke ana haki ya kujua amelala na nini. Ninampa mume muda, na huo muda una mwisho, na mwisho huo namwambia mapema kama ninavyowaambia wote: mpaka dawa ifanye virusi visionekane kwenye kipimo asimguse, na atakaporudi trip ya pili aje na jibu, nami niko tayari kwenda naye nyumbani wazungumze nikiwepo au nikiwa nje mlangoni.

Wapo watatu niliowaambia hivyo. Wawili walisema wenyewe, mmoja mbele yangu, na bado wanaishi na wake zao. Wa tatu alibadilisha njia. Siku hizi anapitia Namanga, na simu yangu haishiki.